Miaka Minne ya Alasiri Moja

Nyakio alipoamka kitandani, jambo la kwanza alilofanya ni kutazama mikono yake. Aliigeuza, akaangalia viganja, akaigeuza tena.

"Mwalimu," akasema, "kovu langu liko wapi?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika arobaini. Alikuwa amelala saa nane na dakika kumi, mtoto wa gredi ya tisa mwenye soksi moja iliyoteremka, akinung'unika kwamba wenzake walikuwa wanacheza netiboli bila yeye. Dakika tisini tu. Huko alikotoka ilikuwa imepita miaka minne.

"Kovu gani?" nikauliza, ingawa nilijua. Huwa wanauliza mambo kama hayo.

"La hapa." Akagusa kidole gumba cha kushoto. "Niliungua kwenye vali ya kisima cha kumi na saba. Ekiru alinifunga kwa kitambaa alichokichana kwenye shati lake." Akainua macho, akatazama mlango nyuma yangu, kisha dirisha. "Ekiru yuko wapi?"

Nilimpa maji, nikamwambia anywe polepole. Alishika glasi kwa mikono miwili, kama mtu mzima anayeshika kikombe cha chai baada ya zamu ya baridi.

Nilikuwa na mwaka wa sita katika kazi ile, hapo Shule ya Mteremko, juu ya barabara iendayo Gilgil. Kazi yangu ilikuwa kuwaandaa watoto kwa shule ya upili na kwa kazi watakazozifanya wakishakua. Zamani, nilipokuwa bado mdogo sana, walimu wa ushauri waligawa fomu: unapenda nini, unataka kuwa nani? Watoto walijaza daktari, rubani, wakili, kwa sababu hayo ndiyo majina waliyoyajua. Sisi hatukuuliza tena. Tuliwalaza kitandani wakaenda kujionea.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Mfanyakazi halisi huvaa kofia nyepesi kazini kwa miezi kadhaa, na kofia hukusanya anachokiona, anachokigusa na anachokiwaza. Kumbukumbu za watu ishirini au thelathini wa kazi moja hushonwa pamoja zikawa mahali pamoja, penye watu, misimu na vifaa. Mtoto hulazwa usingizi mwepesi humo ndani, na muda hutanuka kama unavyotanuka ndotoni. Hufanya makosa yake mwenyewe. Huchoka, huzoea, huchukia, hupenda. Akiamka, mashine hutoa alama kati ya mia: kazi hii inamfaa kiasi gani. Kila mtoto wa gredi ya tisa hupata majaribio matatu, na kwa alama hizo hupangiwa shule ya upili.

Na kati ya jaribio na jaribio, mtoto hufifishwa. Ni robo saa, kwenye kitanda kilekile. Nyuso huondoka, majina huondoka, na ile hisia ya kuwa umeishi mahali huondoka. Alama hubaki. Sheria hiyo ililetwa kwa sababu nzuri. Miaka ya mwanzo watoto hawakufifishwa, na wengine waliacha kula. Walikuwa wakiwalilia watu ambao hawakuwahi kuzaliwa.

Kwa kawaida nilififisha kesho yake asubuhi. Watoto wengi walikuwa tayari. Wengine waliomba wenyewe. Nyakio alisimama, akatembea mpaka kwenye sinki, akaegemeza sikio lake kwenye bomba. Alikaa hivyo muda mrefu akiwa amefumba macho.

"Alama zangu ni ngapi?" akauliza bila kugeuka.

"Arobaini na moja."

"Kati ya mia?"

"Kati ya mia, Nyakio."

"Ekiru aliniambia nina sikio. Aliniambia mwaka wa tatu, na yeye hasemi kitu bure." Kisha akageuka, na uso wake wa miaka kumi na minne ulikuwa na macho ya mtu niliyepaswa kumheshimu. "Usinififishe kesho, Mwalimu. Nipe mpaka Jumatatu. Nakuomba."

Siku ile ilikuwa Alhamisi. Sheria iliniruhusu siku tano. Nikamwambia sawa.

*

Ijumaa saa kumi, watoto walipokuwa wakitoka, mama yake alikuja ofisini. Nilimfahamu. Alikuwa na kitalu cha miche karibu na reli, na udongo haukumwisha kwenye kucha hata akivaa nguo za kanisani. Hakukaa nilipomwonyesha kiti.

"Mwalimu Cheptoo, jana mtoto wangu alifika nyumbani akabisha hodi."

"Mama Nyakio..."

"Hodi! Kwenye mlango ambao ameupiga teke tangu ajue kutembea. Nikafungua, akanitazama, akaniambia, 'Mama, umekonda.' Sijakonda mimi. Ni kwamba amenisahau nilivyo." Sasa alikaa. "Nikamwekea uji kwenye kikombe chake, akaniuliza hiki ni cha nani. Akala, akaosha vyombo bila kuitwa, akanishukuru kwa chakula. Mwalimu, mtoto wangu hanishukuru kwa chakula. Analalamika. Anasema uji una madonge."

Nilitaka kucheka, na nikaona kwamba analia.

"Jana asubuhi nilikuwa na mtoto. Jioni mkaniletea mgeni mwenye adabu. Miaka minne amekaa kwa watu wengine, na mimi sikupata hata alasiri moja ya kumuaga." Akajifuta kwa mgongo wa mkono. "Ile karatasi ya kufifisha iko wapi? Nipe niweke sahihi. Namtaka arudi."

Nikampa fomu. Aliandika jina lake polepole, kwa herufi kubwa. Kisheria sahihi ile ilitosha. Sikuhitaji kumwuliza Nyakio chochote.

"Nina ombi moja," nikasema. "Kesho asubuhi nimchukue. Yule mtu anayemtaja yupo kweli. Alitoa kumbukumbu zake, akakataa jina lake libadilishwe. Anaishi kwenye nyumba za wafanyakazi kule Orlepo, kwenye visima vya mvuke vya kuzalisha umeme. Nataka amwone kabla hajamsahau."

"Kwa faida gani, kama atasahau?"

Sikumpa jibu la mwalimu. Nikampa lile nililokuwa nalo.

"Mimi nilikuwa katika kundi la kwanza kabisa kufifishwa, Mama Nyakio. Nilikuwa na umri wake. Kadi yangu ina mstari mmoja: jaribio la pili, alama thelathini na nane. Ukipata chini ya hamsini hawaandiki kazi yenyewe, usije ukaitamani. Sijui nilikuwa nani. Lakini nikisikia mtu ananoa kisu kwenye jiwe, popote nilipo, nasimama. Moyo unaruka kama nimeitwa jina kutoka nyumba ya jirani. Nageuka, na hakuna mtu. Nina miaka thelathini na saba na bado nageuka."

Aliisukuma fomu kwangu, akasimama.

"Mrudishe kabla ya chakula cha mchana," akasema.

*

Nilikuwa nimevunja kanuni kutafuta faili ya Ekiru, na nilikuwa naivunja tena kumpakia mwanafunzi kwenye pikapu ya shule siku ya Jumamosi. Nyakio hakuongea njiani. Tulipofika mahali ambapo mabomba ya mvuke huanza kuandamana na barabara, yamevishwa mabati yanayong'aa, aliteremsha kioo na kuacha ile harufu ya mayai viza iingie. Akaivuta kwa pua kama mtu anayenusa mkate.

"Upande wa kushoto," akaniambia, kabla sijaona njia panda.

Ekiru Lomuria alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye miaka sabini hivi. Alikuwa uani mwake akifunga waya kwenye mguu wa kiti kilichovunjika. Alistaafu miaka sita iliyopita, baada ya vipimaji kuwekwa kwenye kila kisima na kazi ya kusikiliza kupunguzwa kuwa watu wawili. Nikajitambulisha, nikamwambia huyu ni Nyakio, mwanafunzi wangu. Alitukaribisha kwa kichwa tu. Akaingia ndani akatoka na chupa ya chai na vikombe vitatu, akamimina.

Nyakio alikuwa amesimama pale pale alipoachwa, mikono imeshikana.

"Umeacha kuweka chumvi kwenye chai?" akamwuliza.

Mkono wa mzee ulisimama hewani. Akaweka chupa chini.

"Daktari amenikataza," akasema. "Nani amekuambia habari za chumvi?"

"Wewe."

Akanigeukia mimi, kisha akamrudia yeye. Nikaona anaelewa. "Ile kofia," akasema. "Walisema ni ya kufundishia watoto. Nikasema haya. Sikufikiri kuna mtoto atakuja mlangoni kwangu."

"Hawaji kwa sababu tunawafifisha, mzee," nikasema. "Huyu bado."

"Umekaa na mimi siku ngapi?"

"Miaka minne," Nyakio akasema. "Ulinifundisha kazi yote. Kuweka ufito wa chuma kwenye bomba na sikio juu yake. Kusikia mawe ya madini yanavyojijenga ndani ya bomba kabla kipimo hakijashuka. Mwaka wa kwanza ulinivalisha glavu mbili mbili kwa sababu mikono yangu haikuwa imezoea."

Mzee Ekiru alikaa kwenye kiti kile kibovu. Alikaa kwa uangalifu, kama anayeogopa kwamba kitavunjika sasa hivi.

"Msichana wangu," akasema, "mimi sikumfundisha mtu. Nakuambia ukweli kwa sababu umetoka mbali. Waliletwa vijana sita kwangu, mmoja baada ya mwingine, na wote sita waliomba kuhamishwa zamu. Nilikuwa natupa spana. Nilikuwa natukana. Kijana wa mwisho alilia mbele ya wenzake, na mimi nikacheka." Akatazama chini. "Huyo unayemsema si mimi."

Nyakio alinitazama, na ilibidi nimwambie. Watengenezaji wa mashine huondoa hasira ya wafanyakazi. Mtoto hawezi kujifunza kwa mtu anayemtisha. Huamka analia, na alama zake hazisemi kitu. Kwa hiyo hulainisha. Huchukua ujuzi wa mtu, uso wake na sauti yake, na palipokuwa na matusi huweka subira.

"Kwa hiyo hakuwapo," Nyakio akasema.

Mvuke ulikuwa ukipumua mahali fulani nyuma ya ua, pumzi ndefu isiyokatika. Niliona mabega yake yanashuka, na nikajua kwamba nimekosea kumleta. Nilikuwa nimempa msiba wa pili juu ya wa kwanza.

Ndipo mzee akasema, "Alikuwaje?"

"Nani?"

"Huyo mwingine. Niambie."

Alianza kwa kusitasita. Alimweleza jinsi mtu yule alivyomsubiri kila asubuhi kwenye lango, hata siku za mvua, wasiingie mmoja mmoja. Mwaka wa pili yeye Nyakio alifunga vali isiyo sahihi, na eneo zima likakosa umeme kwa saa tatu. Mtu yule hakusema neno njia nzima ya kurudi, kisha akasimamisha gari dukani, akanunua mandazi manne, akampa matatu. Alikuwa akimwita Fundi, hata alipokuwa hajui chochote. Nyakio aliongea na mikono yake ikaanza kuongea naye, ikishika mabomba ambayo hayakuwapo. Mzee Ekiru alisikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja. Chai ilipoa mbele yake.

"Na siku moja tulikuwa juu ya tangi," Nyakio akasema, "akaniambia kuhusu dada yake wa Lokichar. Kwamba alipokuwa mdogo walikuwa wakilaza masikio yao kwenye mchanga wa mto uliokauka, wakishindana nani atasikia maji. Dada yake alikuwa anashinda. Alisema kazi yote hii ni kwa sababu anataka kumshinda mara moja, na dada hayupo tena."

Mzee alifunika uso wake kwa mikono yote miwili.

"Hilo ni la kweli," akasema kutoka nyuma ya viganja. "Sijawahi kumwambia mtu. Hata mke wangu. Mwalimu, walilitoa wapi?"

"Kwenye kofia, mzee. Lazima ulikuwa ukiliwaza."

"Nilikuwa nikiliwaza." Akashusha mikono. Macho yake yalikuwa mekundu. "Kila siku nikiweka ufito." Kisha akasema taratibu, kama anayepima kama neno litambeba: "Labda hayo mengine nayo nilikuwa nikiyawaza. Kumsubiri mtoto langoni. Labda yalikuwa humo, na mimi nikatoa spana."

Kabla hatujaondoka alituchukua hadi kwenye bomba linalopita nyuma ya ua. Alikuwa bado na ufito wake, umeng'aa kwa miaka ya kushikwa. Akampa Nyakio. Nyakio aliuweka mahali pake bila kuonyeshwa, akaegemeza sikio, akafumba macho. Alisikiliza kwa moyo wake wote. Ningeweza kuona hilo hata nikiwa mbali.

"Kuna mawe," akasema. "Mita kumi hivi kutoka hapa."

Mzee akasikiliza. Alichukua muda mrefu kuliko aliohitaji.

"Hapana," akasema kwa upole ambao ulimgharimu. "Ni safi. Unachosikia ni kiungio cha bati kikipanuka kwa joto."

"Nimekosea."

"Umekosea."

Nyakio akarudisha ufito. "Arobaini na moja," akaniambia, na akajaribu kutabasamu. "Miaka minne, Mwalimu, na bado sisikii. Ndiyo kazi pekee ninayoitaka duniani."

*

Jumatatu saa nne asubuhi mama yake alikaa kwenye benchi nje ya chumba. Nyakio aliingia peke yake, akavua viatu, akavipanga sawasawa chini ya kitanda. Nikafunga mlango.

Jumapili yote nilikuwa nimewaza, na nilikuwa nimeamua.

"Naweza kutokufanya," nikamwambia. "Nitakulaza, nitawasha taa ya mashine, na nitaandika kwenye kitabu kwamba nimekufifisha. Shuleni hakuna atakayejua mpaka wiki ijayo, kwenye jaribio la pili. Humo mashine itaona kumbukumbu mbili zimepandana, na itakutoa. Utapoteza majaribio yaliyobaki, na utapangiwa shule kwa mtihani wa karatasi tu. Mimi nitafukuzwa. Hilo ni langu, usilibebe. Nakuambia ili ujue mlango upo."

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu haifiki sakafuni.

"Na ukinififisha, nitabaki na nini? Niambie kweli. Usiniambie kama mnavyowaambia wengine."

Tulikatazwa kabisa kusema. Nikamwambia. Nikamweleza habari ya kisu na jiwe, kama nilivyomweleza mama yake.

"Inauma?"

"Hapana. Inavuta. Kama mtu amekushika ncha ya shati, na ukigeuka amekuachia."

Alifikiri. Nje watoto wa gredi ya saba walikuwa wanaimba jedwali la kuzidisha, wote pamoja, bila kukosea.

"Mama amekuwa akinitazama siku hizi nne," akasema. "Tukila ananitazama. Nikifua ananitazama. Kama mtu aliyekuja kituoni kumpokea mgeni, basi likafika, watu wakashuka wote, na yeye bado anaangalia mlango wa basi. Na mimi niko mbele yake, Mwalimu. Nimesimama mbele yake na mzigo wangu." Akapangusa pua. "Ekiru wangu hayuko popote nikimtafuta. Mama yuko pale kwenye benchi."

"Huna deni kwa mtu yeyote, Nyakio. Hata kwake."

"Najua. Ndiyo maana nataka kuchagua mwenyewe." Akajilaza. Kisha akainuka tena kwa viwiko. "Hiyo hamu itabaki? Una hakika?"

"Ilibaki kwangu."

"Basi nibakishie hiyo. Usijaribu kuisafisha."

Nikamvalisha kofia. Akaniomba nisubiri, akaanza kusema majina kwa sauti ndogo: Ekiru, na mpishi wa kambi, na mbwa wa mlinzi, na visima vyenyewe kwa namba zake, kuanzia cha kwanza. Nilimwacha aende mpaka cha kumi na saba. Hapo alinyamaza mwenyewe, akashika kidole gumba chake cha kushoto. Nikabonyeza.

Alipoamka alipiga mwayo mrefu, akakuna kichwa, akaniambia ana njaa. Akatafuta viatu vyake huku na huku kwa muda, maana hakutarajia kuvikuta vimepangwa. Nikafungua mlango. Alimkuta mama yake na chupa ya uji mkononi, akaifungua, akanusa.

"Mama, umetia tena ndimu! Nilikuambia sipendi ndimu."

Mama Nyakio alicheka mpaka akainama, na alipoinuka alimkumbatia mtoto wake kwa nguvu kiasi kwamba uji ulimwagika kwenye sare. Juu ya bega la Nyakio alinitazama. Sikuweza kumrudishia kicheko, na aliliona hilo, akaacha kucheka, akamshika mtoto mkono wakaondoka.

*

Alhamisi ya wiki iliyofuata, wakati wa mapumziko ya saa tano, mlinzi aliniita getini. Mzee Ekiru alikuwa amesimama nje, amevaa koti la suti lililokaa sandukuni muda mrefu. Mistari ya mkunjo bado ilionekana. Mkononi alikuwa na mfuko wa karatasi wenye mafuta.

"Nimemletea mandazi," akasema. "Sijui kama ni aina ile."

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kuna mtu ninayepaswa kumpa habari. Nilikuwa bado natafuta maneno wakati Nyakio alipopita na wenzake watatu, wakikimbia kuelekea uwanjani, mpira chini ya kwapa. Akamwona mtu mzima mgeni, akapunguza mwendo kama walivyofundishwa.

"Habari ya asubuhi, mzee?"

"Nzuri," mzee akasema. "Nzuri, msichana wangu."

Akasubiri. Nyakio akatabasamu kwa heshima, kisha wenzake wakamwita, akakimbia. Kwenye kona ya darasa alisimama ghafla na kugeuka, akatazama getini, na uso wake ukawa mtupu kidogo, kama anayejaribu kukumbuka kama amezima jiko. Kisha mpira ulirushwa, akaudaka, akapotea.

Mzee Ekiru alitazama ile kona muda mrefu.

"Ni mtoto mzuri," akasema.

"Alichagua mwenyewe," nikamwambia. "Nilimwambia yote, akachagua."

Akatikisa kichwa kukubali. Hakuniuliza kitu zaidi kuhusu hilo, wala hakunilaumu, na ningependa angenilaumu. Alinipa mfuko wa mandazi nimpe mlinzi. Akarekebisha koti lake.

"Mwalimu, hapa mnaruhusu watu kuja kufundisha? Namaanisha watu wenyewe, si kofia. Sina cheti. Nina ufito, na naweza kupata vipande vya mabomba pale kwenye karakana."

Kulikuwa na fomu za jambo hilo na fomu za kuomba fomu. Nikamwambia aje Jumamosi, darasa la mwisho huwa halifungwi.

Nilibandika tangazo. Walijiandikisha watoto watano, na Nyakio hakuwa miongoni mwao. Jaribio lake la pili, la upimaji ardhi, lilikuwa limempa alama themanini na sita, na alikuwa akilizungumzia kwa furaha ya kweli. Jumamosi wakaja wanne. Nilikaa nyuma ya darasa nikisahihisha madaftari. Mzee Ekiru alikuwa amepanga mabomba mezani, moja safi, moja lenye mawe ndani, akipitisha maji ndani yake, na watoto walisikiliza kwa zamu. Msichana mmoja mnene wa gredi ya nane, Chelimo, alikosea mara ya kwanza, akakosea mara ya pili, na mara ya tatu alikosea huku akicheka na mwenzake.

Mzee aligonga meza kwa ufito. Kilikuwa kishindo kikubwa. Akasema neno moja la Kiturkana ambalo silijui na ambalo halikuhitaji kutafsiriwa. Chelimo akaacha kucheka, kidevu kikaanza kumtetemeka.

Mzee aliweka ufito chini. Akatoka nje. Kupitia dirishani nilimwona amesimama karibu na tangi la maji, ametupa mgongo, kiganja kimoja juu ya bati. Watoto walinitazama, na mimi nikaendelea kuinamia madaftari, kwa kuwa sikuwa na msaada wa kumpa. Zilipita dakika tano, labda sita. Kisha mlango ukafunguliwa. Alivuta kiti, akakaa karibu na Chelimo hadi vichwa vyao vikawa usawa mmoja, na akaweka sikio lake mwenyewe upande wa pili wa bomba, ili wasikilize pamoja.